Malaria ya Kericho: Jinsi usugu wa dawa ulivyorejesha mikurupuko katika nchi ya majani chai

MJI wa Kericho upo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya majani chai yanayouzunguka, pamoja na yale yanayoendelea kusini hadi Bomet, hupata mvua karibu mwaka mzima, na usiku wake huwa wa baridi. Kwa kawaida mahali kama hapo hapafai kuwa makao ya malaria, ugonjwa ambao Wakenya wengi huuhusisha na joto la Pwani na la ufuo wa Ziwa Victoria.

Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali za mashamba hayo zilipokea wagonjwa wengi wa malaria karibu kila mwaka, hasa kati ya Mei na Julai baada ya mvua ya masika. Mikurupuko hiyo ilizuka baada ya utulivu uliodumu karibu kizazi kizima.

Watafiti waliochambua kumbukumbu za hospitali hizo walizitazama sababu nyingi: mvua, joto, safari za wafanyakazi, udhaifu wa huduma za afya na mabadiliko ya mbu. Yote hayo yalikuwa na nafasi yake. Lakini jambo lililoandamana kwa karibu zaidi na kurejea kwa ugonjwa lilikuwa kwamba klorokwini, dawa iliyotegemewa na kila zahanati, ilikuwa imeanza kushindwa kuua vimelea.

Kwa sababu hiyo historia ya Kericho hutajwa mara kwa mara na wataalamu wanapoeleza usugu wa dawa. Inaonyesha kwamba dawa inapochakaa, hasara haimwangukii mgonjwa mmoja peke yake, bali inaweza kuifungulia maradhi nchi nzima iliyokuwa salama.

Nchi ya baridi, watu wasio na kinga

Malaria iliyo hatari zaidi nchini Kenya husababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho huenezwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi. Mbu akimuuma mgonjwa hufyonza damu yenye vimelea. Vimelea hivyo vinahitaji muda wa kukua ndani ya mwili wa mbu kabla ya mbu huyo kuweza kumwambukiza mtu mwingine.

Muda huo hutegemea joto. Mahali penye joto vimelea hukomaa katika siku chache, lakini joto linapokaribia nyuzi 18 za Selsiasi ukuaji huwa wa polepole mno, na mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Wastani wa joto la Kericho huwa karibu na mpaka huo. Ndiyo maana katika miaka ya kawaida maambukizi huwa machache, na mwaka ukiwa na joto au mvua ya kuzidi huweza kuongezeka ghafla.

Baridi hiyo ina faida na hasara. Katika maeneo ya ziwa, mtu huumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, na akinusurika hujenga kinga ya kiasi. Mtu mzima wa huko anaweza kuwa na vimelea mwilini bila kuugua sana. Mkazi wa nyanda za juu hana kinga hiyo. Mkurupuko unapozuka, wanaougua vibaya si watoto wachanga na wanawake wajawazito tu, bali pia wanaume na wanawake wenye nguvu za kuchuma majani chai.

Malaria ilivyopanda mlimani

Wazee wa jamii za nyanda za juu walijua tangu zamani kwamba kushuka bondeni kulikuwa na hatari ya homa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mazingira hayo yalibadilika. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 ikipitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan. Kwa mara ya kwanza watu wengi, pamoja na vimelea walivyobeba katika damu, waliweza kusafiri kati ya ziwa na milima kwa muda wa saa chache.

Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kulima chai kwa wingi Kericho. Misitu ilifyekwa, barabara zikakatwa, na vibarua wakaajiriwa kutoka pande mbalimbali, wakiwemo waliotoka maeneo ya ziwa yenye malaria ya kudumu. Walipewa makao katika nyumba zilizojengwa kwa safu ndani ya mashamba. Watu wasio na kinga na watu wenye vimelea wakawa wanaishi pamoja.

Mikurupuko ilifuata, na ile ya miaka ya 1940 ilikuwa mikali. Mwishoni mwa muongo huo madaktari wa mashamba walianza kuwapa wafanyakazi dawa ya proguanili, iliyouzwa kwa jina la Paludrine, ili kuwakinga. Katika miaka ya 1950, kwenye wilaya jirani ya Nandi, vidonge vya pirimethamini, vilivyojulikana kama Daraprim, viligawiwa kwa maelfu ya wananchi, na baadaye nyumba zikapuliziwa dawa ya kuua mbu.

Dawa hizo mbili zilikuwa na sifa moja muhimu. Mbali na kumkinga mtu, zilizuia pia vimelea kukua ndani ya mbu aliyefyonza damu ya mtu aliyemeza dawa. Hivyo zilikata mnyororo wa maambukizi katika pande zote mbili. Katika nchi ya baridi ambako mnyororo huo ni dhaifu tangu mwanzo, hilo lilitosha. Mikurupuko ikakoma.

Onyo la mapema

Dalili ya hatari ilikuwa imekwisha kuonekana mahali pengine katika Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wakazi wa Makueni nchini Kenya walipewa pirimethamini kwa pamoja. Jambo kama hilo lilifanyika Mkuzi, katika jimbo la Tanga nchini Tanganyika. Katika sehemu zote mbili haukupita muda mrefu kabla ya vimelea visivyouawa na dawa hiyo kugunduliwa.

Matukio hayo yalifundisha kwamba dawa moja ikitumiwa na watu wengi kwa muda mrefu, hasa kwa kiwango kidogo, huwa inachagua vimelea vigumu na kuviachia uwanja. Kwa bahati njema wakati huo ilikuwapo dawa nyingine yenye nguvu, tena ya bei nafuu. Hiyo ilikuwa klorokwini.

Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa tegemeo la Afrika nzima. Ilipatikana katika zahanati, madukani na hata vioskini. Ilishusha homa upesi, na wananchi wa kipato cha chini waliweza kuinunua. Kericho nayo iliitegemea, na malaria iliyoonekana hospitalini ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watu waliosafiri bondeni wakarudi wakiwa wagonjwa.

Klorokwini yashindwa

Usugu dhidi ya klorokwini ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia, na pia Amerika Kusini. Ulifika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, ambapo Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuripoti wagonjwa wasioponywa na dawa hiyo. Uchunguzi wa kijeni uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba vimelea sugu vilivyoenea Afrika vilikuwa wa ukoo mmoja na vile vya Asia. Vililetwa na binadamu aliyesafiri, kisha vikaenezwa na mbu wa hapa.

Klorokwini hufanya kazi kwa kujikusanya ndani ya kifuko ambamo kimelea humeng'enyea damu, na kukitia sumu humo. Kimelea sugu kina badiliko dogo la kijeni linalokiwezesha kuitoa dawa nje ya kifuko hicho. Mgonjwa humeza dozi kamili, lakini dawa haifiki mahali pa kuulia.

Athari yake kwa jamii haionekani siku moja. Mwanzoni mgonjwa hupata nafuu kwa siku chache, kisha homa humrudia. Katika muda huo vimelea vilivyosalia huendelea kuzaana na kutoa vile vinavyomwambukiza mbu. Mtu ambaye angepona ndani ya siku 3 anabaki kuwa chanzo cha maambukizi kwa majuma kadhaa. Vilevile chembechembe nyekundu za damu huendelea kuharibiwa, na mtoto aliyetibiwa mara 2 au 3 kwa dawa isiyofaa hufikishwa hospitalini akiwa amepungukiwa na damu kiasi cha kuhitaji kuongezewa.

Kumbukumbu za mashamba zinavyosema

Kericho ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambako athari hizo zinaweza kufuatwa mwaka baada ya mwaka. Kampuni ya Brooke Bond, ambayo baadaye ilijulikana kama Unilever Tea Kenya, ilikuwa na hospitali kuu na zahanati katika mashamba yake, na iliwatibu wafanyakazi pamoja na jamaa zao. Idadi ya watu waliohudumiwa ilijulikana, na madaftari ya waliolazwa yalihifadhiwa tangu miaka ya 1960. Kituo cha kupima hali ya hewa nacho kilikuwa karibu.

Watafiti wakiongozwa na Dkt G. Dennis Shanks, aliyekuwa katika kitengo cha utafiti wa tiba cha jeshi la Marekani nchini Kenya, pamoja na wenzake akiwemo Prof Robert Snow, walizichambua kumbukumbu hizo na kuchapisha matokeo yao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Waligundua kwamba kati ya miaka ya 1960 na miaka ya 1990, waliolazwa kwa sababu ya malaria waliongezeka kutoka takriban 16 hadi 120 katika kila watu 1,000 kwa mwaka. Waliofariki miongoni mwa waliolazwa waliongezeka kutoka takriban asilimia 1.3 hadi asilimia 6. Wakati huo huo, sehemu ya wagonjwa walioonekana kuambukizwa nje ya Kericho ilipungua.

Takwimu hizo zikisomwa pamoja zina maana kubwa. Zamani wagonjwa wengi walikuwa wameileta malaria kutoka safarini. Kufikia miaka ya 1990 wengi walikuwa wameambukizwa nyumbani kwao. Malaria ilikuwa imeacha kuwa mgeni mlimani. Tena mgonjwa aliyefika hospitalini alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mgonjwa wa miaka 30 iliyotangulia, ingawa hospitali ilikuwa ile ile na maarifa ya tiba yalikuwa yameongezeka.

Hali hiyo haikuwa ya mashamba ya chai peke yake. Baada ya mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, malaria ilizuka kwa ukali katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Katikati ya mwaka 2002 mkurupuko mwingine ulizikumba wilaya za eneo hilo na kuua mamia ya watu. Magazeti ya wakati huo yalibeba picha za wagonjwa wakilala wawili wawili kitandani katika hospitali za serikali.

Joto au dawa?

Kurejea kwa malaria katika milima kulizua mjadala mkali wa kisayansi. Baadhi ya wataalamu waliona kuwa ni ishara ya ongezeko la joto duniani. Mwaka 2002 Dkt Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa hali ya hewa ya sehemu nne za milimani, ikiwemo Kericho nchini Kenya na Kabale nchini Uganda. Walisema hawakuona mabadiliko makubwa ya joto wala mvua katika kipindi ambacho malaria iliongezeka.

Wengine waliupinga uchunguzi huo. Mwaka 2006 Prof Mercedes Pascual na wenzake walionyesha kwamba joto lilikuwa limepanda tangu miaka ya 1970, na kwamba hata ongezeko dogo linaweza kuzidisha idadi ya mbu mara nyingi. Mwaka 2011 uchunguzi ulioongozwa na Dkt Judith Omumbo, uliotumia vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho vya miaka 30, ulithibitisha kuwa joto la eneo hilo lilikuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo.

Kwa hiyo swali la kama Kericho imepata joto limejibiwa: imepata. Lakini swali la kama joto peke yake ndilo lililoleta mikurupuko ni jingine. Katika makala ya mwaka 2005, Dkt Shanks na wenzake walieleza kwamba kuzuka upya kwa malaria katika miaka ya 1980 kuliandamana na kuingia kwa vimelea sugu kwa klorokwini, na kwamba huenda kushindwa kwa dawa ndiko kulikokuwa kichocheo. Joto, safari na mbu viliongeza makali ya moto uliokuwa umekwisha kuwashwa.

Yaliyotokea baadaye yanaunga mkono hoja hiyo. Dawa mpya zilipoingia pamoja na vyandarua na upuliziaji wa nyumba, malaria ya milimani ilipungua sana, ilhali joto halikushuka. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020, walioonekana kuwa na vimelea katika maeneo ya nyanda za juu yanayokabiliwa na mikurupuko walikuwa takriban asilimia 1, wakilinganishwa na takriban asilimia 19 katika maeneo ya ziwa.

Safari ndefu ya kubadilisha dawa

Kati ya siku ambayo dawa inaonekana kushindwa na siku ambayo serikali inaibadilisha hupita muda mrefu. Nchini Kenya dalili za kwanza za usugu dhidi ya klorokwini zilionekana mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini dawa hiyo iliondolewa rasmi kuwa tiba ya kwanza mwaka 1998. Ni takriban miaka 20. Malawi ilikuwa imetangulia kuchukua hatua hiyo mwaka 1993.

Klorokwini ilifuatwa na mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, ambao wengi waliujua kwa jina la Fansidar. Ulikuwa rahisi kutumia kwani mgonjwa alimeza dozi moja tu. Lakini ndani yake mlikuwa na pirimethamini, ile ile ambayo vimelea vya Makueni vilikuwa vimejifunza kuikwepa nusu karne nyuma. Haikupita miaka mingi kabla ya mchanganyiko huo nao kuanza kushindwa. Leo hauaminiwi tena kwa kutibu malaria, ingawa bado hutolewa kwa wanawake wajawazito kama kinga katika maeneo yenye malaria ya kudumu.

Mwaka 2004 Kenya iliamua kutumia dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, na kufikia mwaka 2006 ilikuwa imeanza kusambazwa katika vituo vya afya vya serikali. Artemeta hutokana na artemisinini, kiini cha mmea uliotumiwa na Wachina kutibu homa tangu kale. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyeongoza ugunduzi wake, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Siri ya dawa mseto ni kuwapo kwa silaha mbili. Artemeta huua sehemu kubwa ya vimelea kwa siku chache kisha huisha mwilini upesi. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Ni vigumu kimelea kimoja kuzaliwa kikiwa na uwezo wa kuzikwepa dawa mbili kwa wakati mmoja.

Malawi ilitoa funzo jingine la kutia moyo. Baada ya klorokwini kuachwa kutumika huko, vimelea visivyo sugu vilirejea na kuvishinda vile sugu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa klorokwini ilikuwa imerudia kuponya karibu wagonjwa wote waliopewa. Usugu ni mzigo kwa kimelea. Dawa ikiondolewa, mzigo huo hauna faida tena. Lakini kupumzisha dawa kunawezekana tu ikiwa ipo nyingine ya kushika nafasi yake.

Tishio lililo karibu

Tangu mwaka 2008 vimelea vinavyochelewa kuuawa na artemisinini vilianza kuripotiwa magharibi mwa Kambodia. Kwa miaka kadhaa wataalamu walihofia kwamba vitasafiri hadi Afrika kama vile vya klorokwini vilivyofanya.

Usugu huo ulipodhihirika Afrika haukuwa umeletwa kutoka nje. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kwamba vimelea vyenye badiliko la kijeni linalohusishwa na usugu vilikuwa vimezuka nchini Rwanda vyenyewe. Mwaka uliofuata taarifa kama hiyo ilitoka kaskazini mwa Uganda. Badiliko lililoonekana Rwanda limepatikana pia katika mkoa wa Kagera, Tanzania, na Eritrea nayo imethibitisha tatizo hilo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua mkakati maalumu wa kukabiliana nalo barani Afrika mnamo Novemba 2022.

Wataalamu huuita usugu wa kiasi. Maana yake ni kwamba artemisinini bado inafanya kazi, ila vimelea huchukua muda mrefu zaidi kutoweka katika damu. Mgonjwa bado huweza kupona kwa sababu dawa ya pili inamalizia kazi. Hatari ni kwamba lumefantrini inaachiwa mzigo mkubwa zaidi, na ikianza nayo kushindwa, hali ya miaka ya 1990 inaweza kujirudia.

Kutoka Kericho hadi Kisumu, mji ulio kando ya ziwa hilo hilo linalozigusa Uganda na Tanzania, ni chini ya kilomita 100. Madereva wa malori, wafanyabiashara, wanafunzi na wafanyakazi wa mashamba hupita barabara hiyo kila siku. Wakazi wa milimani bado hawana kinga, na pengine wanayo kidogo zaidi sasa kwa kuwa malaria imekuwa adimu kwao. Joto nalo limepanda. Kinachowatenganisha na mikurupuko ya zamani ni dawa inayofanya kazi, chandarua na uchunguzi wa mapema.

Nchi za eneo hili zimeanza kutafuta njia za kupunguza mzigo wa dawa moja. Miongoni mwa njia hizo ni kutumia dawa mseto tofauti kwa zamu au kwa pamoja, ili vimelea visikutane na dawa moja tu wakati wote. Dawa mpya zinaendelea kufanyiwa majaribio. Chanjo nayo imesaidia: Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto mwaka 2019 ikianzia Homa Bay, katika eneo la ziwa. Kila mtoto anayekingwa ziwani ni mgonjwa mmoja pungufu wa kumeza dawa, na chanzo kimoja pungufu cha vimelea vinavyopanda mlimani.

Si malaria peke yake

Kanuni iliyoonekana katika malaria inahusu maradhi mengine pia. Bakteria wa homa ya matumbo, kifua kikuu, kichomi na maambukizi ya njia ya mkojo huchaguliwa na dawa kwa namna ile ile. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019, na kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo zilizoathirika zaidi.

Kenya ilitoa mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa mwaka 2017. Mpango huo uliwahusisha madaktari wa binadamu na wa mifugo kwa pamoja. Jambo hilo lina maana ya pekee kwa Kericho na Bomet, ambako pamoja na chai wananchi hufuga ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe anayetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa dawa za kuua bakteria hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa kwa siku kadhaa. Maziwa hayo yakiuzwa, anayeyanywa humeza kiwango kidogo cha dawa bila kujua, na kiwango kidogo ndicho kinachofuga usugu.

Ushauri kwa wananchi

Wataalamu wa afya wanasisitiza mambo machache ambayo yeyote anaweza kuyafuata.

Kwanza, kila homa si malaria. Katika nyanda za juu homa nyingi hutokana na maradhi mengine. Ni vyema kupimwa damu kabla ya kumeza dawa. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa.

Pili, aliyethibitishwa kuwa na malaria amalize dozi. Dozi ya artemeta na lumefantrini ni mara 6 kwa siku 3. Ni vizuri imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani lumefantrini huingia mwilini vibaya tumbo likiwa tupu. Kupata nafuu siku ya pili si kupona. Vidonge visihifadhiwe kwa homa ijayo, wala visigawanywe kwa jirani.

Tatu, homa ikirudi ndani ya majuma machache baada ya kumaliza dozi, mgonjwa arudi hospitalini badala ya kununua dawa ile ile dukani. Taarifa za wagonjwa wa namna hiyo ndizo zinazowawezesha wataalamu kugundua usugu mapema.

Nne, anayesafiri kutoka Kericho au Bomet kwenda maeneo ya ziwa au Pwani alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na akipata homa baada ya kurudi amweleze daktari kuhusu safari hiyo.

Tano, dawa za kuua bakteria zisinunuliwe bila cheti cha daktari, na wafugaji wafuate maelekezo ya daktari wa mifugo kuhusu siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa.

Ushauri huo unaweza kuonekana mdogo mbele ya tatizo kubwa kama hili. Lakini klorokwini haikushindwa kwa siku moja wala kwa kosa la mtu mmoja. Ilichakaa polepole katika mamilioni ya dozi, na Kericho ilichukua miaka mingi, pamoja na vifo vya watu wengi, kabla ya kupata nyingine ya kuaminika. Safari hii dalili zimeonekana mapema, tena karibu na nyumbani, wakati dawa iliyopo bado inaponya.